Andika kwanza, sahihisha baadaye: mwongozo wa kuandika vizuri kwa simu na kompyuta

Maswali yanayonifikia ni yale yale. "Nikiandika barua pepe najikuta nazunguka, nifanyeje?" "Kuna programu ya kusahihisha Kiswahili?" "Mbona kompyuta inaweka mistari myekundu chini ya kila neno?" Nimeyajibu mara nyingi, kwa mtu mmoja mmoja, na kila mara jibu linakuwa refu kuliko muda tulio nao. Nimeyakusanya hapa kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe ninapoandika ujumbe wa kazi, barua, maombi au ripoti fupi.

Jambo moja ulishike kabla hatujaanza: zana ya kukagua tahajia inaangalia kama neno lipo kwenye orodha yake. Haijui unamwandikia nani, wala unataka nini. Ndiyo maana hatua nne za mwanzo hazihitaji programu yoyote ya kusahihisha. Ukizianza zana mapema, utapata maandishi yasiyo na kosa la tahajia ambayo msomaji hajui ayafanyie nini.

Unachohitaji

- Simu au kompyuta, yoyote uliyo nayo.
- Programu moja ya kuandikia: Google Docs, Microsoft Word au LibreOffice Writer. Usihangaike na zote tatu. LibreOffice ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti, na ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Google Docs ina faida ya kuhifadhi kazi yenyewe na kuandika kwa sauti.
- Kibodi ya simu iliyowekwa Kiswahili.
- Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo chapa yake ya kwanza ilitoka mwaka 1981, inaonyesha ngeli kando ya kila nomino, kwa mfano [u-/zi-] kwenye "ukuta". Alama hiyo ndogo itakuokoa mara nyingi kuliko unavyodhani.
- Daftari dogo, au ukurasa mmoja kwenye simu, wa kuandika makosa yako. Usiliruke hili. Kati ya zana zote nitakazotaja, hili ndilo linalobadilisha uandishi wa mtu.

Maandalizi ya mara moja tu

Kwenye simu, fungua mipangilio ya kibodi, nenda kwenye lugha, ongeza Kiswahili. Kama unatumia Gboard, yaani kibodi ya Google, utakuta Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania, chukua unachokizoea. Usipofanya hivi, kibodi itaendelea kudhani unaandika Kiingereza, na "sana" yako itageuzwa "Santa" wakati umeshabonyeza kutuma.

Ukiwa hapo hapo kwenye mipangilio, tafuta kamusi binafsi. Humo unaweza kuingiza majina ya watu na mahali unayoyaandika mara kwa mara ili yasibadilishwe, na unaweza kuweka njia za mkato. Mimi nikiandika "kh" kibodi inanipendekezea "kwa hiyo", maneno mawili, kama inavyotakiwa.

Kwenye kompyuta, kuweka kibodi peke yake hakutoshi. Lugha ya maandishi nayo lazima iwekwe. Katika Word na LibreOffice, chagua maandishi yote kwa Ctrl+A (kwenye Mac ni Command badala ya Ctrl), kisha nenda kwenye menyu ya lugha uchague Kiswahili. Word inaweza kukuomba upakue kwanza zana za lugha hiyo. Mistari myekundu chini ya kila neno maana yake ni hiyo tu: programu inasoma Kiswahili chako kwa kamusi ya Kiingereza.

Hatua kwa hatua

1. Andika sentensi moja ya lengo. Juu kabisa ya ukurasa jaza hii: *Nataka [nani] afanye [nini] kabla ya [lini].* Sentensi hii haitumwi, ni ya kwako. Ukishindwa kuijaza, basi bado hujajua unachotaka, na hakuna programu itakayokijua kwa niaba yako. Kama ni taarifa tu na huombi kitu, badilisha: *Nataka [nani] ajue [nini].*

2. Mwaga yote bila kurudi nyuma. Andika kwa dakika tano au kumi. Usifute, usirekebishe herufi, usitafute neno zuri. Wanaoanza wengi hukwama hapa kwa sababu wanaandika sentensi, wanaifuta, wanaiandika tena, na baada ya nusu saa wana mistari miwili na uchovu.

Kama vidole vinakuwa vizito, sema. Google ilikiongeza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti mwaka 2017. Kwenye Google Docs, ukiwa umeifungua kwa kivinjari cha Chrome, bonyeza Ctrl+Shift+S, chagua Kiswahili, bonyeza alama ya maikrofoni uanze kuongea. Kwenye simu, gusa maikrofoni iliyo kwenye kibodi. Ongea kwa mwendo wa kawaida, sentensi nzima nzima. Ukiongea neno moja moja programu inapoteza muktadha na kukosea zaidi. Nukta na mkato utaviweka kwa mkono baadaye.

3. Leta ombi mbele. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo maandishi mengi yanapokufa. Huu ni ujumbe wa mwanafunzi, wa aina ninayoiona kila wakati:

> Habari Mwalimu samahani kwa usumbufu, mimi ni mwanafunzi wako wa kozi ya takwimu napenda kukufahamisha kuwa wiki iliyopita nilikuwa naumwa kwahiyo sikuweza kumalizia kazi ambayo ulikuwa umetupatia ambayo inatakiwa kuwasilishwa ijumaa na pia kompyuta yangu ilikuwa na matatizo hivyo naomba kama inawezekana uniongezee mda kidogo nitashukuru sana.

Tahajia si tatizo kubwa la ujumbe huu. Mwalimu anasoma mpaka karibu na mwisho ndipo anakutana na ombi, na akilifikia hajui "kidogo" ni siku moja au wiki mbili. Itabidi aulize. Atakapouliza, siku imepita. Sasa tuupange upya:

> Habari za asubuhi, Mwalimu. Naomba uniongezee siku tatu za kuwasilisha kazi ya takwimu, kutoka Ijumaa hadi Jumatatu. Wiki iliyopita niliugua kwa siku nne. Cheti cha daktari nimekiambatanisha. Sehemu mbili za kwanza nimeshazimaliza, yamebaki majedwali na hitimisho. Asante.

Angalia yaliyotokea. Salamu imebaki, tena ni kamili, kwa sababu barua ya Kiswahili isiyo na salamu inasomeka kama amri. Lakini ni sentensi moja, na inayoifuata ni ombi lenyewe. "Kidogo" imegeuka siku tatu, zenye mwanzo na mwisho. Kompyuta iliyoharibika imetoka: sababu moja yenye ushahidi ina uzito kuliko sababu mbili za maneno matupu. Na imeongezwa habari ambayo mwalimu angeitaka, yaani kazi imefikia wapi. Anaweza kujibu "sawa" akaendelea na shughuli zake.

Onyo: kuleta ombi mbele si kuondoa adabu. "Naomba uniongezee" ni adabu tosha. Kinachotoka ni kuomba samahani mara tatu kabla hujasema kosa lenyewe.

4. Kata maneno yasiyobeba kitu. Soma rasimu yako ukitafuta haya, na ukiyakuta ubadilishe:

- "suala zima la usafi" → "usafi"
- "kufanya ukaguzi wa vifaa" → "kukagua vifaa"
- "napenda kuchukua fursa hii kukushukuru" → "nakushukuru"
- "kwa namna moja ama nyingine" → futa
- "kazi ambayo ulikuwa umetupatia" → "kazi uliyotupa"

Hilo la mwisho lina faida yake peke yake. Kiswahili kinaweza kubeba "ambayo" ndani ya kitenzi: uliyotupa, niliyoisoma, wanaokuja. Ukiona "ambayo" mbili katika sentensi moja, angalau moja inaweza kuingia ndani ya kitenzi chake. Na sentensi ikikuishia pumzi unapoisoma, weka nukta katikati. Msomaji wa simu anasoma kwenye kioo chembamba. Sentensi ya mistari saba kwake ni ukuta.

5. Sasa ndipo uwashe kikagua tahajia. Katika Word na LibreOffice bonyeza F7. Pitia neno moja baada ya jingine, usibonyeze "badilisha zote" kwa haraka. Maneno yenye viambishi vingi, kama "tutakapowakaribisha", wakati mwingine huwekewa mstari ingawa ni sahihi, kwa kuwa kitenzi kimoja cha Kiswahili kinaweza kuchukua maumbo mengi mno kuliko orodha yoyote. Ukiwa na uhakika na neno, liongeze kwenye kamusi ya programu. Ukiwa na shaka, fungua kamusi yako. Usiongeze neno ili mstari uondoke tu, maana ukiongeza kosa, zana haitakuonya tena kamwe.

6. Winda makosa ambayo zana haiyaoni. Hatua hii ndiyo inayotenganisha maandishi safi na maandishi yaliyopita kwenye kompyuta. Makosa ni ya aina tatu.

*Maneno yaliyogawanywa.* Mtu anaandika "sita kuja kesho" akimaanisha "sitakuja". Kikagua tahajia hakisemi kitu: "sita" ni namba 6, na "kuja" ni neno. "Tuta onana" nayo inapita, kwa sababu tuta ni udongo ulioinuliwa shambani. "Nina omba" inapita pia. Kiambishi cha nafsi na cha wakati hukaa pamoja na kitenzi chake: sitakuja, tutaonana, ninaomba. Kinyume chake, "kwa hiyo", "kwa sababu" na "kwa ajili" huandikwa yakiwa yametengana.

*Maneno halisi mahali pasipo pake.* Kura na kula. Thamani na samani. Haya na aya. "Wanachama wamepiga kula" haina hata neno moja lisilo kwenye kamusi. Kama unapotamka huwa unachanganya l na r, au h inakuponyoka, basi makosa yako yatakuwa hapa, na dawa yake ni orodha yako mwenyewe, si programu.

*Upatanisho.* "Vitabu hizi zimeletwa jana." Kila neno ni sahihi likiwa peke yake, sentensi ni mbovu. Ni "vitabu hivi vimeletwa". Kwenye sentensi fupi masikio yako yatalikamata hili. Hatari iko nomino na kitenzi vinapokaa mbalimbali: "Maombi ya wanachama waliojiandikisha mwezi uliopita zimepokelewa." Katikati yamepita maneno matano, na ulipofika kwenye kitenzi ulishasahau kuwa kilichopokelewa ni maombi. Weka kidole kwenye kitenzi, uliza "nini kimepokelewa?", rudi nyuma mpaka kwenye nomino, kisha rekebisha: yamepokelewa. Ngeli ikikutia shaka, alama iliyo kando ya nomino katika kamusi itamaliza ubishi.

Kwa uwindaji huu zana inayofaa ni ya kawaida kabisa, Ctrl+F. Chukua makosa yaliyo kwenye daftari lako, yatafute moja moja: "sita", "nina", "kwahiyo", "ambae" (ni "ambaye"), "mda" (ni "muda").

Onyo kubwa: usibadilishe kwa mkupuo bila kuweka alama kwenye chaguo la "neno zima". Niliwahi kubadilisha "mda" kuwa "muda" kwenye ripoti ndefu kwa amri moja, nikaituma nikiwa na uhakika nimeisafisha. Ripoti ilihusu mdahalo. Kila "mdahalo" ulikuwa umegeuka "mudahalo", na "kumdai" imekuwa "kumudai". Walioisoma walikuwa wakubwa wangu kazini. Tangu siku hiyo napitia badiliko moja moja, hata yakiwa arobaini.

7. Isikilize. Soma kwa sauti, si kwa macho. Pale ulimi unapokwama, sentensi ina tatizo, hata kama huwezi kulitaja jina. Kama simu au kompyuta yako ina sauti ya Kiswahili ya kusoma maandishi, itumie: mashine inasoma kilichoandikwa, wakati wewe unasoma ulichokusudia. Herufi iliyorukwa utaisikia mara moja. Kwa barua nzito, iache ilale usiku mmoja kabla ya kuisoma.

8. Ukitumia akili mnemba, iombe ikague, isikuandikie. Tangu ChatGPT itolewe Novemba 2022, swali la "kwa nini nisiiambie tu iandike?" linakuja kila wiki. Unaweza. Lakini ukifanya hivyo kila mara, uandishi wako utabaki ulipo, na ukipigiwa simu kuulizwa kuhusu barua yako hutakuwa na majibu. Iagize hivi:

> Nionyeshe makosa ya tahajia na ya upatanisho katika maandishi haya. Usiyaandike upya. Kwa kila kosa, nakili sentensi, eleza kosa, kisha niachie nirekebishe mwenyewe.

Kisha hakikisha kila inachokuambia kwenye kamusi. Programu hizi hutoa sababu za uongo kwa sauti ya uhakika, na Kiswahili chake mara nyingi kinanuka tafsiri. Ukiona "katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi" au "ni muhimu kutambua kwamba", futa bila huruma.

Usibandike humo namba za vitambulisho, nywila, habari za ugonjwa wa mtu au siri za kazini. Kabla ya kubandika, badilisha majina kuwa A na B.

9. Kagua kabla ya kutuma. Jina la unayemwandikia limeandikwa anavyoliandika mwenyewe? Tarehe inalingana na siku ya wiki? Kiambatisho kimewekwa? Sentensi ya lengo ya hatua ya kwanza umeifuta? Kwenye barua pepe, jaza anwani ya mpokeaji mwisho kabisa, kwa hiyo hata kidole kikiteleza hakuna kitakachoondoka.

Mazoezi ya dakika kumi

Kila siku chukua ujumbe mmoja uliokwisha kuutuma, uupitishe kwenye hatua ya tatu, ya nne na ya sita. Kosa utakaloliona liingie daftarini pamoja na usahihi wake. Kosa likijirudia mara tatu, lipe mstari wake na uanze kulitafuta kwa Ctrl+F katika kila unachoandika. Watu wengi wana makosa machache yanayorudi rudi, si mamia. Ukiyajua yako, kazi inakuwa ndogo.

Ukikwama

*Siwezi kuanza.* Rekodi sauti kana kwamba unamweleza rafiki kwa simu, kisha andika ulichosema. Ukurasa mtupu unatisha. Kusikiliza sauti yako hakutishi.

*Mistari myekundu imerudi baada ya kubandika maandishi.* Maandishi yaliyobandikwa huja na lugha ya yalikotoka. Bandika bila mtindo, kwa Ctrl+Shift+V inapokubali, au chagua yote na uweke Kiswahili upya.

*Kuandika kwa sauti kunakosea kila sentensi.* Angalia kwanza kama lugha iliyochaguliwa ni Kiswahili kweli, maana mara nyingi hurudi kwenye Kiingereza. Kisha sogea mahali pa kimya na ulete simu karibu. Ukichanganya lugha mbili katika sentensi moja, tegemea makosa.

*Nimerekebisha mpaka nimeharibu.* Kwenye Google Docs fungua historia ya matoleo kwenye menyu ya faili, rudi kwenye toleo la saa au siku iliyopita. Kwenye programu nyingine, hifadhi nakala mpya kabla ya kila marekebisho makubwa, yenye namba: maombi-1, maombi-2. Usiite faili "ya mwisho", kwa sababu itafuata "ya mwisho kabisa" na hutajua ipi ni ipi.

*Kamusi mbili zinapingana kuhusu neno.* Chagua moja na uifuate maandishi yote. Msomaji husumbuka zaidi akikuta tahajia mbili za neno moja kwenye ukurasa mmoja.

*Ujumbe bado ni mrefu.* Funika yote isipokuwa sentensi mbili za kwanza baada ya salamu. Mpe mtu mwingine azisome, umuulize anatakiwa afanye nini. Akijibu sawasawa, yaliyobaki mengi unaweza kuyafuta. Akishindwa, rudi hatua ya tatu.